Upepo wa Elfu Kumi na Tano

Kujaza upepo kwenye tairi pale kona ni mia tano. Kuutoa kwenye breki, fundi ananiambia elfu kumi na tano. Upepo! Nikamuuliza huo wa breki wanauagiza kutoka nchi gani. Akafuta mikono kwenye ovaroli, akamgeukia mteja mwingine.

Mimi sibishani na mafundi hadharani. Mtaani wananiita Mwenyekiti, ingawa sijawahi kugombea hata ukatibu wa kikoba. Nikaikokota pikipiki hadi nyumbani Mbagala kwa mwendo wa mtu anayefanya mazoezi kwa hiari yake.

Ugonjwa wenyewe naujua. Breki ya mbele ni ya diski, ya mafuta. Mafuta hayabonyei, ila upepo unabonyea. Ukiingia humo unabana mkono wa breki mpaka unagusa mpini, nguvu zote zinaishia kuufinya upepo, pedi hazina habari, na pikipiki inaendelea na safari zake. Nikanunua kichupa cha mafuta ya breki, DOT 4, kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko cha kile kikopo cha mafuta kilicho juu kwenye usukani. Muuza spea alitaka kunipa haidroliki, eti mafuta ni mafuta, bosi. Mpira wa dripu, wa kupitishia mafuta yanayotoka, nikaufuata duka la dawa. Dada akanipa pole, akauliza mgonjwa kalazwa wapi.

Kazi ni ya watu wawili. Wa juu anabana mkono wa breki na kuushikilia. Wa chini, na spana namba 8, anafungua kile kinati cha kutolea upepo robo mzunguko, mafuta yanatoka na mapovu yake, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani kama mpangaji aliyesahau funguo. Sasa mke wangu yuko gengeni, mtoto yuko tuisheni, na jirani anayenusa pilau langu kutoka mtaa wa pili leo hayupo. Uani kabaki mtu mmoja, kwenye mkeka, anachambua mchele. Mama mkwe. Alikuja kutoka Tabora kwa siku tatu. Hii ni wiki ya tano.

Wenye wakwe mnanielewa. Mama mkwe huwezi kumwambia "bana!" kama kondakta wa daladala. Nikapiga magoti, nashukuru kazi yenyewe inataka magoti.

"Mama, samahani kwa usumbufu, naomba unibanie kidogo."

"Nibane nini, baba?"

"Hicho hapo mkononi, mama."

"Hiki?" Akapiga honi.

Alipoupata mkono wenyewe akaubana kwa nguvu za mtu aliyetwanga kisamvu miaka hamsini. Nikafungua kinati, mapovu yakatoka, moyo ukatulia. Nikasema, "Mama, nakuomba usiachie kwa sasa…" Akaachia. Anasema alisikia "achie". Upepo ukarudi wote, na nadhani ulikuja na ndugu zake.

Tukaanza upya. Adabu ina maneno mengi na breki haina subira. Mara ya tatu nilikuwa nimeacha samahani. Mara ya sita nimeacha naomba. Mara ya kumi, jasho linaingia machoni, nikajisikia nikipiga kelele: "Bana! Shika! SHIKAAA!"

Uani kimya. Dirisha la chumba cha pili likafunguka.

"…moo, mama," nikamalizia.

"Marahaba, baba," akajibu, na kwa heshima zake akaachia mkono ili aitikie vizuri.

Hapo hapo akaingia mwenye nyumba kuulizia kodi ya miezi sita. Wakati namweleza hali, mama mkwe naye, kwa kunisaidia, akaendelea kubana na kuachia, kinati kiko wazi. Kikopo cha juu kikakauka kabisa. Maana yake upepo umeingia tena kutoka juu, tunaanza sifuri. Nikakurupuka kumimina mengine, yakamwagika kwenye tangi, na mafuta yale yanakula rangi. Yanataka maji haraka. Maji! Bomba halijakohoa tangu Jumanne! Nikachukua ya kuoshea mchele. Jamani, mtu mzima unapigaje magoti tangu asubuhi kwa ajili ya upepo, tangi linabambuka, chakula hakijapikwa, na yule wa dirishani anauliza kama mgonjwa anaendelea vizuri?

Mafuta machafu niliyakinga kwenye chupa ya soda, rangi kama chai ya rangi iliyokolea. Mama mkwe akaiinua juani. "Baba, hii asali mmeuziwa na nani?" Nikamnyang'anya, Mungu anisamehe, kwa mikono miwili. Ndipo akaanza: asali ya Dar ni sukari iliyochemshwa, asali ni Tabora, nyuki wa kule wanajua kazi, angeniletea ndoo nzima kwa treni.

Nikauliza kwa sauti ya upole kabisa ni lini ataifuata hiyo ndoo.

Akasema hana haraka, kwanza breki ikae sawa.