Wageni wangu wamepokelewa na jirani

Kama hujawahi kununiana na ndugu yako wa damu kwa sababu ya picha basi hujawahi kuweka nyumba mtandaoni upangishe watu wa likizo. Mimi na dada yangu tulishamaliza kila kitu, nyumba imedekiwa inateleza, mashuka yamepigwa pasi, mfuniko wa choo umefungwa (hilo usisahau kabla ya kupiga picha, nakuomba), kilichobaki ni swali moja tu, picha gani ikae ya kwanza. Na hiyo ya kwanza ndo yenyewe bwana, maana mtu anatafuta nyumba kwenye simu, anasukuma kidole nyumba zinapita tu, yako anaiona kipicha cha upana wa kidole gumba, isipomshika hapohapo hata ukiwa na kitanda cha dhahabu ndani hatakijua.

Dada alitaka chumba cha kulala. Mi nilitaka sebule kwa sababu sofa nililinunua mimi, ila sikusema hivyo, nilisema "ina mvuto". Mpwa wangu, mtoto wa dada, ndo alikuwa mpiga picha wetu, akatuangalia kwa huruma akasema zote mbili hazifai. Sebule ilipigwa mchana, nje kunawaka kuliko ndani, kwahiyo madirisha yote yametoka meupe pee hakuna hata mti mmoja unaoonekana, ilitakiwa kusubiri jioni mwanga wa nje ushuke ulingane na taa za ndani. Na chumba cha kulala mama mtu alipiga mwenyewe kwa ile lenzi pana ya simu, 0.5, chumba kimepanuka mpaka unajiuliza ni chetu kweli, halafu vitu vya pembeni vimevutika, mto mmoja umekuwa mrefu kama mtumbwi. Mgeni akija akakuta mto wa kawaida si atadai tumembadilishia.

Yeye alikuwa na yake. Alisimama kibarazani jioni, jua limeshazama, mbingu bado ina ubluu ule, akapiga picha ya kulala, yani ile ya upana. Kushoto kuna meza yetu na viti viwili, kulia nguzo ya kibaraza, na katikati kule mbele inaonekana nyumba ya mzee jirani yetu, taa zimewashwa, maua yametambaa ukutani, geti la bluu. Picha kali, sikatai. Nikauliza tu, sasa mbona ya kwetu iko pembeni? Akaanza kunihubiria, ooh anko, picha ndo biashara, hata wale vijana walioanzisha Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kama hizi, mwaka 2009 biashara ilikuwa imedorora wakaenda New York wenyewe na kamera ya kukodi, wakapiga picha nyumba za watu upya na mapato yakapanda. Nikamwambia sawa, lakini walipiga nyumba za wateja wao, hawakupiga za majirani! Dada akasema mi nina wivu. Tukapiga kura, nikashindwa.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mtandao tuliojiandikisha (siyo huo wa hao vijana, na siutaji), ukifungua kwenye kompyuta picha unaiona yote upana wake, meza, viti, nguzo, kila kitu. Ila kwenye simu, pale kwenye orodha ya nyumba, picha inakatwa mraba na kinachobaki ni katikati. Meza kwaheri, viti kwaheri, nguzo kwaheri. Imebaki nyumba ya mzee peke yake imependeza kweli, na chini yake jina letu na bei yetu.

Wageni wakaja fasta, baba, mama na watoto. Siku ya kufika niko mlangoni nimevaa shati la kola, funguo mkononi, nimefanya na mazoezi ya kutabasamu. Saa inapita. Nikaona ujumbe umeingia: "Tumeshafika, tumepokelewa vizuri mno, nyumba ni nzuri kuliko kwenye picha, asante sana."

Nikageuka nyuma nikaangalia ndani. Hamna mtu.

Nikampigia dada, umewapokea wageni? Akasema hapana, si uko nao wewe? Nikiwa bado kwenye simu nikasikia vicheko vya watoto upande wa pili wa ukuta. Kwa mzee. Mzee anaishi peke yake, sijawahi kusikia mtoto anacheka kule.

Nikavuka. Geti liko wazi. Masanduku yameshaingizwa ndani, baba wa familia amevua viatu ameegemea kiti cha mzee kile ambacho mi mwenyewe sijawahi kukaribishwa kukikalia, watoto wanakimbizana na mzee yuko katikati anasimulia ujana wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ingia kijana, njoo uwasalimie wageni wangu."

"Mzee, hawa ni wageni wangu mimi."

"Wako vipi na wako kwangu?"

Kumbe mwanawe alimwambia kuna marafiki zake watapita wiki hiyo kumsalimia, kwahiyo alipoona gari limesimama na watu wanashusha masanduku hakuuliza hata jina, akafungua geti. Nikamgeukia yule baba, nikamweleza taratibu kwamba nyumba aliyolipia iko pale ng'ambo. Akanitazama viatu, akanitazama funguo, akatoa simu. "Kaka, geti la bluu hili hapa kwenye picha. Na geti la bluu lile pale." Halafu akamuuliza mzee kwa sauti ya chini lakini nilisikia, "Baba, huyu mtu unamfahamu?"

Mzee akafikiria. Yani akafikiria kabisa, tumekaa jirani miaka yote hiyo.

"Namfahamu," akasema. "Huwa anafungulia muziki usiku."

Hapo nikawa tapeli rasmi. Ilibidi nimwambie afungue tangazo lote, aikuze picha, nikamwonyesha meza na viti na nguzo, halafu nikampeleka mpaka kibarazani kwangu nikamsimamisha palepale aliposimama mpwa wangu, nikamwambia sasa tazama mbele. Akatazama picha, akatazama mbele, akatazama picha. "Kwahiyo tumelipia kuiangalia?" Nikanyamaza maana kiukweli ndo tangazo letu lilivyokuwa linasema.

Walihama, ila kwa uchungu, mtoto wao mdogo alilia kabisa. Mke wa yule baba alipoingia sebuleni, kwenye sofa langu, akauliza kwa upole kama hii ndo sehemu ya kusubiria. Na kila jioni wanafunga mlango wanavuka kwa mzee, mi nawaona kibarazani, kweli mandhari ni nzuri.

Walipoondoka wakatuachia nyota tano. "Mwenyeji mkarimu sana, ana hadithi nzuri, watoto wanamuita babu. Kasoro ndogo tu, kuna kijana wa funguo anaonekana ana mawazo."

Dada akabadilisha picha siku hiyohiyo, akaweka sebule iliyopigwa jioni, sofa liko katikati safi hata ikikatwa mraba linabaki, nikasema hatimaye. Maombi yakapungua. Juzi mzee kaja mwenyewe kugonga, amepaka geti rangi upya, amevaa shati la kunyooka, anataka kujua mbona siku hizi hatumletei wageni, na yule kijana wa kupiga picha atapita lini maana maua yamechanua upande wa pili pia. Dada keshampigia mtoto wake simu, mi sijaulizwa.