Wanja uwekwe kando, vitendawili vibaki

Lamu, maneno yakifika kwenye akili za watoto wadogo, mabishano huwa yale yale. Wahudumu wa afya huona mila ndizo zinazowarudisha watoto nyuma; wazee wa Kiamu na wa Kiaweer (Waboni, watu wa msituni walioishi kwa kuwinda na kurina asali) hujibu kwamba walilea kabla ya kliniki kuja. Kila upande unashika kweli fulani, ila wote huibeba mila kama furushi moja: ichukuliwe yote au itupwe yote.

Tazama arobaini. Kwa siku 40 mzazi hupumzika, na mtoto hukandwa kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa vuguvugu. Bibi humlaza mapajani, nyuso zikitazamana. Mtoto akitoa "aguu", bibi husita, humrudishia sauti ile ile, kisha humngoja. Kupokezana huko ndiko kunakojenga ubongo, ambao mtoto anapozaliwa una takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na akitimiza miaka 2 unakaribia robo tatu. Simu anayopewa anyamaze haimjibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka aliye chini ya mwaka asiwekewe skrini kabisa. Hapa bibi amewatangulia wataalamu. Ila asibonyeze utosi, asivute viungo, wala asitie mafuta puani, maana hushuka mapafuni.

Kwenye wanja wa manga, anaopakwa mtoto machoni kumkinga na kijicho, wahudumu wana haki. Aina nyingi zina risasi, madini yanayoharibu ubongo, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hufikicha macho kisha hunyonya vidole: ndiyo njia ya risasi kwenda tumboni. Hofu ya kijicho ina dua zake, haihitaji risasi.

Asali ni ngumu zaidi, hasa kwa Waaweer, ambao kuirina msituni ni sehemu ya kuwa Mwaweer. Lakini huweza kubeba vijimbegu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, ambavyo tumbo la mtoto wa chini ya miezi 12 haliwezi kuvizuia, na kuchemsha jikoni hakuviui. Basi asali imngoje afikishe mwaka.

Wahudumu nao wana lao. Hulaumu lishe ya Waaweer bila kutaja kwamba uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na kwamba operesheni ya usalama iliyoanza 2015 iliwabana wasiingie msituni. Nyama ilikuwa na madini ya chuma, na akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua akifika miezi 6. Badala ya lawama, uji mtupu usaidiwe: dagaa wa kusaga au kunde zilizopondwa, na ndimu kidogo ili chuma kifyonzwe. Chai, hata ya kuchovyea mahamri, isimfike mtoto, huzuia chuma.

Lugha je? Wazazi wengine huacha Kiaweer ili mtoto awahi Kiswahili cha shule. Hesabu hiyo si sahihi: lugha mbili hazimvurugi mtoto, ila mzazi anayebabaisha lugha asiyoimudu humpa mtoto maneno machache. Sera ya Kenya inaruhusu lugha ya eneo katika PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya chekechea. Kinachokosekana mara nyingi ni mwalimu anayeijua. Bibi anaijua. Aitwe darasani robo saa kila asubuhi atege vitendawili kwa Kiaweer, mwalimu naye akae mkekani pamoja na watoto, ajifunze.