Gari Jipya Lisubiri, Mdogo Wangu

Mdogo wangu anafundisha Himo, na benki imeshamwambia mkopo wake uko tayari. Anataka gari la zero kilomita, jipya kabisa. Amechoka na hadithi za magari mabovu, na hadithi yenyewe kubwa aliisikia kwangu.

Nililinunua gari la mkononi kwa dalali mmoja hapa Moshi. "Ya mama mmoja hii, anaendea kanisani tu." Tulilijaribu mjini, kwenye tambarare, injini ikiwa ya moto tayari. Nikalipa. Jumapili ya kwanza, tukipanda kutoka Himo, mshale wa joto ulifika juu kabla hatujaiona Marangu Mtoni. Lilipopoa fundi alifungua mfuniko wa rejeta, akachovya kidole. Kilitoka na uji mzito, rangi ya chai ya maziwa: oili na maji vimechanganyika. Gasketi ya kichwa cha injini, inayozuia oili na maji visikutane, ilishakufa zamani, na aliyeniuzia alijua.

Iliniuma sana. Hata hivyo namsihi mdogo wangu asichukue gari jipya. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni 18, na zote zinapigwa kwenye thamani, kwa hiyo gari likiwa ghali na kodi inakuwa nzito. Halafu siku unayolitoa dukani bei yake inashuka, wakati makato ya mshahara yako palepale miaka mingi. Mwalimu mwenye watoto wawili hana sababu ya kubeba mzigo huo.

Kuagiza gari lililotumika Japani ni jambo jingine. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo ni gharama. Wengi huliuza likiwa bado zima. Ila aangalie umri: likifikisha miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, likipita 10 unapanda tena.

Sasa mdogo wangu amepata la mkononi, Toyota IST ya namba D, yaani lilishasajiliwa hapa nchini, liko Majengo, hapa Moshi. Ushuru wake ulishalipwa, spea zipo hapahapa mjini, na pesa itakayobaki itatosha tairi na shokapu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakwenda na fundi wetu, siyo wa dalali, tulipandishe mpaka Marangu. Mwenye gari tumemwomba asiliwashe mpaka tufike, nishike boneti mwenyewe nihakikishe ni ya baridi, nisifichwe ubovu tena kama nilipojaribu la dalali injini ikiwa ya moto.