Nilivyodaiwa Neno la Siri Sabasaba

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya pingu, naomba nieleze mwenyewe. Najua yule rafiki yangu wa bodaboda ameshatangaza kijiweni kwamba nimekamatwa soko la Sabasaba, hapa Dodoma, nikiiba mtoto. Mtoto ni wangu. Hela ya tuisheni yake nimelipa juzi tu.

Chanzo ni sketi. Binti yangu amerefuka, sketi ya shule ikagoma kufika magotini, ikapelekwa kwa fundi pale Sabasaba kushushwa pindo kabla shule hazijafunguliwa Julai hii. Siku ya kuifuata, mama yake akasema aende mwenyewe. Ana miaka 10, yuko darasa la tano, na kutoka kwetu Nkuhungu ni gari moja tu mpaka mwisho wa safari. Nikaanza kuorodhesha hatari, nikakatishwa:

"Mimi umri huo nachunga ndama Mpwapwa, na fisi wapo."

Ukioa mtu aliyechunga ndama penye fisi, wadau, hoja zako za malezi zimezikwa siku ya harusi. Nikakubali. Kwa mdomo.

Asubuhi nikampa mtoto semina. Mtu akikufuata usikimbilie uchochoroni, ingia dukani penye watu, sema kwa sauti. Simu ya watoto ni 116, kupiga ni bure. Na mtu akijidai ametumwa na baba, mdai neno la siri. Hilo neno tunalo tangu yuko chekechea, na huwa tunalibadilisha. Nikamalizia kwa kumwambia mimi nabaki nyumbani, nina imani naye.

"Sawa, baba," akajibu, kwa sauti ile ya mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi asiyejua kujieleza.

Akavaa sweta la shule juu ya gauni, ili konda asimsumbue akitoa shilingi 200 ya mwanafunzi. Hilo hakufundishwa na mtu. Akaondoka bila kugeuka nyuma. Hata kupunga mkono, jamani? Daladala ilipokata kona, na mimi nikadandia boda.

Sasa kuhusu mavazi, maana naona ndiyo mnayoyasema sana. Dodoma mwezi wa saba mnaijua. Baridi ya asubuhi, upepo, vumbi mpaka kwenye meno. Nilivaa koti, kofia ya mzula, barakoa na miwani ya jua. Kwa mazingira yetu ni mavazi ya kawaida kabisa. Nakiri tu kwamba kwenye ile video hayaonekani ya kawaida.

Sabasaba akashuka, akavuka, akaingia sokoni. Mimi nyuma. Akisimama, nasimama kwenye mitumba, nashika suruali ya mtu, nauliza bei ambayo siisikilizi. Mbele kidogo akasimama kwenye meza ya miwani, akajaribu moja, akajitazama kwenye kioo. Nikatabasamu ndani ya barakoa: mtoto ni mtoto tu, kaona urembo kasahau safari.

Kumbe kwenye kile kioo alikuwa ananitazama mimi.

Akarudisha miwani taratibu, akashukuru, akaingia kwenye duka la nafaka. Nikasikia kila neno.

"Shikamoo mama. Samahani, kuna mwanaume ananifuata tangu stendi. Amevaa miwani na barakoa. Naomba nisimame hapa kwako."

Hakulia. Alianza na shikamoo!

Yule mama alikuwa anapima maharage. Akaweka kisado chini. Akapangusa mikono kwenye kitenge, mkono mmoja, kisha wa pili, bila haraka, kama daktari anayejiandaa kupasua mtu. Akatoka nje.

"Wewe."

Makuli waliokuwa na gunia la mpunga wakalitua. Wadau, hakuna sauti mbaya kama ya gunia linalotuliwa na watu wanaokutazama. Nikavua miwani. Nikavua barakoa. Nikajaribu kucheka.

"Mimi ni baba yake."

"Wote husema hivyo," mama akajibu. "Tangu serikali ihamie hapa 2016, hata wezi wamehamia."

Watu wakaongezeka. Akamgeukia mtoto. "Mwanangu, unamjua huyu?"

Binti akanitazama. Nikaona kabisa amenitambua. Kisha uso ukabadilika, ukawa ule wa mama yake akikuta risiti mfukoni mwangu.

"Anafanana na baba," akasema. "Lakini baba aliniambia anabaki nyumbani." Akafikiri kidogo. "Aseme neno la siri."

Kichwa kikawa cheupe. Peupe!

"Zabibu," nikasema.

"Hiyo ya zamani."

"Ehee," kuli mmoja akasogea.

"Mlenda."

"Hiyo ya bibi."

Kumbe bibi ana lake! Mimi sikuambiwa. Jasho likaanza chini ya mzula. Kwa kuchanganyikiwa nikasema "Simba," na hapo kuli aliyevaa jezi ya Yanga akatoa hoja kwamba hata kama ni baba, nipigwe kidogo.

Nikampigia mke wangu. Mama wa maharage akaamuru niweke sauti kubwa.

"Mama watoto, hebu niambie lile neno la siri."

Kimya. "Uko wapi?"

"Sabasaba."

Kimya kirefu zaidi. Soko zima linasubiri.

"Neno la siri halisemwi mbele za watu. Mpe mtoto simu."

Wakaongea wao wawili, mzazi na mzazi. Ndiye? Ndiye. Amevaaje? Mtoto akaeleza, kuanzia mzula mpaka chini, hakuacha kitu. Wa kwanza kucheka alikuwa yule wa Yanga. Pembeni nikamwona bodaboda wangu kasimamisha simu anarekodi, machozi yanamtoka. Rafiki wa miaka yote hiyo.

Mengine ni mafupi. Nikanunua visado viwili vya maharage ambavyo sikuvihitaji, maana mama yule aliniangalia. Binti akaenda kwa fundi, akakagua pindo, akakuta upande umepinda, akadai lirudiwe, likarudiwa. Nikamwambia twende wote na boda. Akanionyesha shilingi 200 yake na kupanda daladala. Jioni mama yangu mzazi akapiga, habari zilikuwa zimeshafika Kondoa, akauliza kama nilipigwa na kama nimekula.

Neno lenyewe lilikuwa "ndama." Limeshabadilishwa. Nimeuliza jipya ni lipi, binti akasema nitaambiwa nikikua.