Tuta la Jangwani na kitufe cha kujaza mashimo

Tangu toleo la 4.4, HEC-HMS, programu ya kukadiria mvua inavyogeuka mafuriko, inachora bonde la mto yenyewe. Zamani ulilazimika kupitia HEC-GeoHMS, nyongeza inayofanya kazi ndani ya programu ya ramani ya ArcGIS, na leseni ya ArcGIS si ya mfuko wa mwanafunzi. Katika maboresho yote ya karibuni, hili ndilo ninalolithamini zaidi. Ila urahisi wake umezaa modeli mbovu, na mara nyingi ubovu unaanzia hatua moja: kujaza mashimo, yaani kupandisha sehemu za ramani ya mwinuko zilizozungukwa na ardhi ya juu zaidi ili maji yasikwame humo.

Chukua Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Barabara ya Morogoro inakatiza bonde pale Jangwani. Ramani ya mwinuko inaonyesha tuta la barabara. Nafasi iliyo chini ya daraja haionyeshi. Kwa programu, hilo ni bwawa. Ukibonyeza kujaza, ardhi ya nyuma ya tuta inapandishwa mpaka maji yapate pa kuvukia, na mkondo unapita hapo hata kama mto wenyewe uko kwingine. Utaijua hali hii kwa mikondo iliyonyooka kama rula, inayokwenda sambamba juu ya tambarare. Ramani ya mwinuko yenye seli (viraba) za mita 1 huonyesha tuta wazi kuliko SRTM, data ya mwinuko iliyopimwa kutoka angani, yenye seli za mita 30, kwa hiyo data bora hapa inaongeza tatizo.

Ili kuepuka hilo, chora mto kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure, kwa kufuata picha ya setilaiti, ukipitisha mstari chini ya kila daraja na kalavati. Kisha, kabla ya kujaza, tumia zana ya kurekebisha ardhi uchonge mkondo huo. Kina kizidi kimo cha tuta: tuta la mita 4 ukilichonga mita 2, maji bado yatatoka nje ya mkondo. Chonga 5. Mteremko wa mto, hata hivyo, upime kwenye ardhi ambayo haijachongwa.

Mstari ukiutoa kwenye ramani za zamani za Tanzania, angalia mfumo wa majiranukta. Nyingi ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani. Ukizisoma kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, mto unahama takriban mita 300 na utachonga mtaa wa watu.

Halafu kuna tamaa ya kuligawa bonde katika vibonde vidogo vingi. Kwa hidrografu ya SCS, njia ya kukokotoa mtiririko wa maji kwa muda, hatua ya muda ya hesabu isizidi 0.29 ya muda wa kuchelewa, yaani muda kati ya mvua na kilele cha maji. Kibonde kinachochelewa dakika 20 kinadai hatua isiyozidi dakika 5.8, yaani 5. Kama mvua uliyonayo ni ya kipimo cha siku, hizo dakika 5 utazibuni tu, na kilele cha mafuriko kitatokana na ulivyoigawa mvua. Ni heri kizingiti (eneo dogo kabisa linalohesabiwa kuanzisha mkondo) cha kilomita za mraba 10 na vibonde vichache unavyoweza kuvitetea mbele ya mhandisi wa daraja.