Nguo ya yaya

Kumnunulia mtu nguo ni kujitafutia kesi. Juzi nimepanda hadi soko la Kadutu, hapa Bukavu, nimtafutie yaya, dada yangu mkubwa, gauni la sikukuu yake. Muuzaji ananiuliza, "Ni mnene kiasi gani, papa?" Utajibu nini? Nikapanua mikono. Akanionyesha mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la ndizi: "Kama huyu?" Yule mama akasikia. Niache hapo.

Na hizi namba! Gauni la 42 la Ufaransa, Uingereza linaitwa 14, Marekani 10. Likitoka China limeandikwa XXL, na ukilishika unaona lingemtosha binti wa miaka kumi na mbili. "Chukua tu, linavutika." Halikuvutika. Zipu iligoma katikati ya mgongo, shemeji akivuta, yaya amebana pumzi, mimi nimekodolea macho chai yangu. Kisha lile swali: "Kumbe unaniona mdogo hivi?" Ningeleta kubwa zaidi, angeuliza kama namwona pipa.

Mtaniambia ningenunua kikwembe, yaani kitenge, yadi 6, yamekwisha. Mwaka jana nilifanya hivyo. Kwanza rangi ilikuwa "ya wazee". Halafu kushona nani analipa? Zawadi nimenunua mimi, na fundi naye ananipigia simu mimi, eti bado pesa ya bitana na vifungo.

Gauni liko kwangu, kwenye mfuko wake. Muuzaji anasema harudishi pesa, nikamlete yaya achague mwenyewe. Yaya anasema hapandi Kadutu.