Richi elfu 21, makubazi pea nne

Mwaka jana nilimlipa kijana mmoja anitangazie makubazi ya ngozi Instagram, laki na nusu ya tangazo tu, hela yake ya kazi mbali, na mwezi ulipoisha akanitumia ripoti WhatsApp, PDF ina rangi na mishale ya kijani yote inapanda. "Dada hongera, page imelipuka." Impresheni 62,000, richi 21,000, kliki 480, engejimenti juu. Nikamjibu asante sana mdogo wangu, nikamalizia na viemoji vya makofi. Halafu nikageuka kuangalia mzigo ukutani, makubazi yamejipanga vilevile kama nilivyoyaacha, nikafungua daftari kuona lile tangazo limeuza ngapi. Pea nne.

Pea nne jamani. Faida yangu kwa pea ni elfu 12, piga hesabu mwenyewe.

Na wala sio hasara iliyoniuma, hasara Kariakoo tumeizoea, kilichoniuma ni ile asante. Nilishukuru kwa sababu sikuelewa hata neno moja mle ndani na niliona aibu kuuliza, mtu mzima mwenye fremu yake anaanzaje kumuuliza mtoto impresheni ni nini. Tena kwa taarifa yenu mimi nilichukua zile 62,000 nikajumlisha na 21,000, nikaenda kumwambia mume wangu watu elfu 83 wameona makubazi yetu.

Baada ya hapo nikaanza kujifunza maneno yao usiku usiku. Kiukweli tafsiri za Kiswahili hazikunisaidia kitu. Nikasoma SEO ni "uboreshaji wa injini za utafutaji", nikabaki naona fundi na spana, kumbe ni kuipanga page yako ili mtu akitafuta Google akukute. Trafiki ndo usiseme, mtu ananiambia "dada lazima uongeze trafiki kwenye page" wakati mimi maisha yangu yote trafiki ni yule wa nguo nyeupe anayesimamisha kirikuu iliyobeba mzigo wangu, nani anataka aongezwe? Kumbe ni watu wanaoingia ingia tu, kama wapita njia mbele ya duka. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba shida sio Kiingereza wala Kiswahili, shida ni kwamba haya maneno ni vipimo, na kipimo hukielewi mpaka ujue ameshika nani na anakupimia nini.

Engejimenti ni laiki na komenti tu, hiyo tuiache. Chukua impresheni na richi. Mpiga debe yuko stendi anaita Mbagala Mbagala Mbagala. Kila sauti yake inapofika kwenye sikio la mtu ni impresheni moja. Wewe umesimama pale unasubiri mwenzio, umeisikia mara tatu na Mbagala huendi, basi wewe ni richi moja na impresheni tatu. Sasa rudi kwenye ripoti yangu, 62,000 kwa 21,000, maana yake ni watu wale wale elfu 21 wameonyeshwa, kwa wastani, kama mara tatu kila mmoja. Hakuna cha kujumlisha pale. Ndo maana jirani yangu mmoja aliniambia mbona makubazi yako yananifuata kila nikifungua simu, nikadhani ananisifia.

CPM sasa. Hiyo M wengi tunadhani milioni. Sio milioni, ni mille, Kilatini, elfu. Yaani bei ya kuonyeshwa mara elfu moja. Yangu ilikuwa kama 2,400, gawanya laki na nusu kwa 62 utaipata. CPC ni bei ya kila kliki, yangu ikatoka shilingi 312 na ushee. Na CTR ni kati ya mara mia tangazo lilipoonyeshwa, limebonyezwa mara ngapi, mimi sikufika hata asilimia moja, ila hilo halikuwa na mshale wa kijani kwenye PDF, halikuwepo kabisa.

Hapo ndo nikaanza kushtuka. Google wenyewe walipoanza kuuza matangazo ya AdWords mwaka 2000 walikuwa wanatoza kwa kuonyeshwa, kwa elfu elfu, kufika 2002 wakaleta ya kulipia kliki. Fikiria tofauti yake kwa mwenye duka. Kwenye kuonyeshwa mtu akipitiliza hasara ni yako, kwenye kliki asipobonyeza hulipi. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye risiti yako ndo linalosema nani anabeba hasara, na mimi nilikuwa nalisoma kama jina la dawa.

Hata hizo views za video usiziamini kichwa kichwa. Facebook sekunde 3 tu video ikicheza inaweza kuhesabiwa umeangalia, na sekunde 3 ni kidole kinapita. Mwaka 2016 walikiri wenyewe kwamba wastani wa muda ambao watu wanaangalia video walikuwa wameukosea, wale wa chini ya sekunde 3 walikuwa hawamo kwenye hesabu, basi lazima wastani upande. Hao ni wenye mitambo, sembuse kijana na PDF yake.

Lidi ni mtu aliyeonyesha nia. Kwetu ni yule wa "bei?" kwenye inboksi. Mimi nilipata 37, na wanaofanya biashara mtandaoni mnawajua hawa, unamjibu bei, unamtumia na picha za rangi zote, anakuachia tiki za bluu.

Sasa njoo kwenye konvesheni, na hapa naomba tukae kidogo maana ndipo nilipopigwa. Nilijua konvesheni ni mauzo. Kijana kwenye ripoti aliandika konvesheni 37, nikamwambia mdogo wangu mbona nimeuza nne, akaniambia "dada konvesheni tuliyoseti ni meseji." Na hakudanganya! Konvesheni ni kile mlichokiweka kuwa lengo wakati wa kufungua tangazo, mkiweka meseji basi kila "mambo" ya mtu asiye na hela ni konvesheni, na mfumo unaenda kukutafutia watu wanaopenda kuchati. Mimi lengo sikuliweka, aliliweka yeye, akachagua lililo rahisi kulijaza. Ningekuwa yeye labda ningefanya hivyo hivyo.

Kwa mauzo halisi, kila mteja alinigharimu 37,500 kumpata nikapate faida ya elfu 12. Hiyo ndo namba ya kuuliza, wanaiita CPA, na mimi nailinganisha na winga. Winga wa Kariakoo analeta mteja, anaweka cha juu chake, mteja akilipa na yeye kapata, mteja akiondoka mikono mitupu winga naye kaondoka hivyo hivyo. Mtandaoni huyo huyo anaitwa afilieti na watu wanalipia kozi kumsomea. Winga hajawahi kuniletea ripoti kwamba leo kawaonyesha duka langu watu elfu, akileta nitacheka mpaka nikae chini.

Ila nisiseme yote ni uongo. Kati ya wale wanne, mmoja alirudi mwezi wa pili akachukua pea sita za wajomba kwa ajili ya send-off, faida elfu 72 hiyo, na hakuja kwa tangazo jipya, alikuwa na namba yangu. Ukimhesabu huyo mpaka leo hasara inapungua sana, na PDF ile haina sehemu ya kumuandika kwa sababu ilifungwa tarehe 30. Daftari langu linayo. Na wengine wanakuja bila kulipia kitu, wameona posti ya kawaida au wametafuta Google wakakuta duka, hiyo inaitwa oganiki na mimi naiita ya kienyeji, inakua taratibu kama kuku wake.

Mainfluensa, wale maarufu wa mtandaoni wanaolipwa kutangaza, sitagusa, hilo jina lenyewe kwetu ni homa.

Leo asubuhi kuna mwingine kaniandikia, hatujuani, "Boss tunakupa impresheni laki moja kwa elfu 50 tu, ofa ya wiki hii." Nikapiga hesabu pale pale, CPM shilingi 500. Nikamuuliza, hizo laki moja ni watu wangapi, wanaishi wapi, na lengo la tangazo naweka mimi au wewe?

Tiki za bluu, tangu saa nne.